Abdallah Aliyezaa Nusu ya Johannesburg

Siku hizi mnatema mate kwenye kichupa, mnakipeleka posta, kisha mnakaa mkingoja mwambiwe nyinyi ni Wareno kidogo. Mjukuu wangu Rehema, anayesomea sheria na ambaye ana akili kuliko wajukuu wenu wote, mtanisamehe, naye alifanya hivyo. Majibu yakaja na rangi kumi na kitu kama kanga ya sikukuu. Nikamwuliza, "Haya, humo ndani yumo bibi yangu Mwanakombo, aliyekuwa akikoroma mpaka kuku wanahama?"

"Hapana, Gogo," akasema, maana ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita bibi. "Haifanyi kazi hivyo."

"Basi mate yamekwenda bure."

Ndipo akaniambia, andika wewe sasa, tuone njia yako ilivyofanya kazi. Naandika. Shule niliishia darasa la nne, Tanga, lakini chuo cha Kurani nilihitimu, msahafu mzima, na kalamu siiogopi. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe, mna nguvu za ujana.

Kazi yangu hapa Johannesburg ilikuwa kupekua koo za watu. Waswahili wa hapa waliniita Bi Mpekuzi, wengine mbele yangu, wengine nyuma. Mwanzoni nilifanya kama ilivyofanywa kwetu: kijana akipeleka posa, kabla wazee hawajajibu, anatumwa mwanamke mwenye masikio kwenda kuulizia ukoo. Tanga ni kazi ya asubuhi moja. Unakaa kwa mwuza vitumbua, unasema, "Hivi wale watu wa nyumba ya pembeni wazima?" Kitumbua cha pili hakijapoa, umeshajua nani aliiba mbuzi, nani alimkimbia mume, na nani ana kifafa.

Huku Bellevue, mtaani kwangu, utamwuliza nani? Jirani wa kulia katoka Bulawayo, wa kushoto katoka Blantyre, wa chumba cha juu hatumjui ila tunajua anapenda ngoma. Hakuna anayemjua bibi yako. Kwa hiyo kila mtu akifika hapa anajizalia bibi mpya. Nimeonana na wajukuu wa masultani wengi sana katika mji huu. Wanauza chaja za simu.

Ndipo nikaanza kwenda kwenye karatasi, ofisi za hati za viwanja na vitabu vya ndoa vya misikiti. Aliyenifundisha ni Motjie Gadija, mama wa Kimalei aliyehamia hapa kutoka Cape, fundi cherehani, meno ya bandia juu na chini. Watu wake walikuwa wakifuatilia viwanja walivyonyang'anywa zamani, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapekulia. Siku ya kwanza niliingia naye ofisini nikiwa na jina la mtu nimeliandika kiganjani. Akanitazama kiganja kama anasoma bahati.

"Huyu ni nani?"

"Babu ya mteja wangu."

"Futa. Usianze na mtu. Mtu anabadili jina, anabadili umri, anabadili dini akiona msichana mzuri. Anza na stendi. Stendi haiolewi."

Stendi ndivyo tunavyoita hapa kiwanja kilichopimwa na kupewa namba. Watu wanakufa, nyumba inabomolewa, mtaa unapewa jina la mtu mwingine, lakini karatasi ya stendi imekaa palepale inawasubiri wajukuu waje kugombana. Neno hilo la Motjie limenilisha maisha yangu yote, na ningewaambia mlishike hata kama hamtapekua chochote. Mtu akikuambia yeye ni nani, mwulize alikuwa analala wapi.

Mengine alinifundisha kwa kunizomea. Penseli tu, kalamu ya wino hapana. Bangili vua, zinagonga meza na wenye kusoma wanakukodolea macho. Mfanyakazi wa ofisi umsalimu kwa Kizulu kwanza, umwulize habari za nyumbani, ndipo uombe faili. Ukianza na faili, faili halipo. Na ukisoma kitabu cha ndoa, umri wa mwanamume upitie haraka, usisimame hapo. Nimemwona mtu anaoa mara ya kwanza ana miaka thelathini, mara ya tatu ana ishirini na nane. Soma mashahidi. Soma walii, yule anayemwoza bibi arusi. Soma mahari. Bwana arusi anajipamba, lakini mashahidi wana haraka ya kwenda kula, wanasema kweli.

Na kidole usikilowanishe kwa mate kufunua ukurasa! Mimi nilifanya hivyo mara moja tu, nikatolewa nje mbele za watu kama mbuzi aliyeingia dukani. Mnaona dunia inavyogeuka. Zamani mate yalinifukuzisha kwenye kazi hii, leo mate ndiyo kazi yenyewe.

Sasa niwape kisa cha Mzee Hemedi, maana ndicho walichokuwa wakinisimulisha kila harusi, na wengi wanakisimulia vibaya.

Mzee Hemedi ni mtu wa Tanga kama mimi, ana duka la vitambaa, udi na marashi kule Turffontein, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Ni mtu safi. Kanzu yake ungeweza kuitumia kama kioo. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alikuwa si mgeni. Sisi wote tulikuwa wageni, tunakimbizana na vibali, yeye si mgeni. Akisimamishwa na polisi kwenye robot, yaani taa za barabarani, anashusha kioo cha gari na kuanza, "Kijana, bibi yangu mzaa baba alizaliwa mji huu. Baba yake, Sheikh Abdallah, ndiye Mswahili wa kwanza kukanyaga Johannesburg. Alikuwa na ardhi hapa kabla hizi taa hazijawekwa."

Polisi anamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. "Sharp, baba. Pasipoti iko wapi?"

Huyo Sheikh Abdallah alikuwa anaongezeka kila mwaka. Nilipoanza kumsikia alikuwa mfanyabiashara tu. Baadaye akawa Mwarabu wa Hadramaut. Baadaye akawa na farasi. Ushahidi wa Uhadramaut wake ulikuwa mmoja, nao Mzee Hemedi hakukosa kuutoa: kisomo. Nyumbani kwao Yasini husomwa kwa namna yao wenyewe. Mwisho wa aya sauti inapanda, inakaa juu kidogo, halafu inashuka taratibu kama mtu mzima anateremka ngazi. Tanga nzima hakuna mwingine anayesoma hivyo. "Hicho ni kisomo cha mababu," husema, "kimetoka Hadramaut moja kwa moja."

Basi, mwanawe Jabiri akapenda.

Jabiri kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila akikujibu anachanganya na lugha nyingine, na mwendo wake ni wa hapa, mabega kwanza. Msichana mwenyewe ni Furaha, msusi, ana saluni ndogo mtaa wa La Rochelle, Mkongo wa Bukavu. Walikutana Jabiri alipokwenda kumchukua dada yake saluni akakuta kichwa kimefika nusu, ikabidi angoje. Aliendelea kungoja kila Jumamosi, hata dada yake asiposuka. Furaha akasilimu, kwa hiari yake na kwa kusoma, si kwa sababu ya mabega ya mtu. Kilichobaki ni baba kukubali kupeleka posa.

Baba akakataa. Jabiri alikuja kwangu Bellevue akakaa jikoni kama gunia.

"Eish, Bibi. Mdingi anasema Furaha hana ukoo."

"Kila mtu ana ukoo. Hata panya."

"Anasema kwenye kitabu cha ndoa hana jina la baba la kuandikwa. Anasema damu ya Sheikh Abdallah haiwezi..." Akanyamaza, akafuta uso kwa kofia. "Kuna msichana Tanga, wameshaongea. Akinipeleka huko, Bibi, mimi nitaishi na mtu simjui, na Furaha ameshaacha kanisa la mama yake kwa jambo ambalo halipo."

Nilimpa chai. Sikumwahidi kitu, maana katika kazi ya kupekua hutoi ahadi kabla hujafungua kitabu. Lakini nilimpenda Furaha. Alikuwa akinisuka bila kunivuta masikio, jambo ambalo wasusi wengi wa mji huu hawaliwezi.

Juma lile lile Mzee Hemedi mwenyewe akaniita dukani. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipulizia marashi bila kuniuliza.

"Bi Mwanaisha, nataka unitolee mti wa ukoo wangu. Wa karatasi, wenye mihuri. Fremu nimeshaagiza." Akanionyesha. Fremu ya dhahabu, upana wa mlango! "Juu kabisa hapa, Sheikh Abdallah. Kisha nitawaita hao watu wa msichana waje nyumbani, wauone, waelewe wenyewe bila mimi kuwatukana."

"Bibi yako aliitwa nani?"

"Salma bint Abdallah."

"Na mumewe?"

"Babu yangu Mbaruku bin Shomari. Alikuja kutoka Tanga kutafuta maisha, Sheikh Abdallah akampenda kwa adabu yake, akampa binti na akampa nyumba. Baadaye waliuza wakarudi Tanga na baba yangu akiwa mdogo."

"Sheikh Abdallah kazikwa wapi?"

Akafikiri. "Mtu mkubwa kama yule," akasema, "hakosi mahali."

Hapo nikashuku. Malipo nilichukua palepale, kabla sijatoka mlangoni. Hilo nalo ni somo: mwenye ukoo hulipa vizuri zaidi kabla ya kuujua.

Nilishuku kwa sababu ya jambo la zamani. Katika mwaka wangu wa kwanza na Motjie Gadija, nilikuwa nasoma kitabu cha ndoa cha msikiti mmoja mkongwe wa mjini. Nikaona bibi arusi, bint Abdallah. Ukurasa unaofuata, bint Abdallah. Mbele kidogo, wengine wawili kwa siku moja, bint Abdallah na bint Abdallah. Nikafunga kitabu nikakimbia kwake na habari kubwa. "Motjie! Nimempata tajiri aliyekuwa na mabinti kama kuku! Kila mwezi anaozesha!"

Motjie alicheka mpaka meno ya juu yakatoka. Aliyaokota, akayafuta, akayarudisha, ndipo akanieleza. Mtu akisilimu, baba yake si Mwislamu, imamu wa zamani hakuandika jina la baba. Aliandika Abdallah, mtumwa wa Mungu, maana huyo sote tunaye. Na kwa kuwa baba asiye Mwislamu hawezi kuwa walii wa binti yake, imamu mwenyewe husimama. Kwa hiyo ukiona bint Abdallah, na walii ni imamu, usiende kumtafuta Abdallah makaburini. Hayuko. Umekutana na mwanamke aliyeingia mlangoni peke yake.

Wengi hawajui. Wajukuu wanaona Abdallah, wanamvika kilemba, wanampandisha farasi. Wazee wa kusini mwa mji walikuwa na chama chao cha waanzilishi, na ndani yake kulikuwa na kina Abdallah watatu, kila mmoja wa kwanza, na vikao viwili viliishia kwa kurushiana viatu.

Ila kujua si kuonyesha. Palikuwa na kina Abdallah wa kweli pia, wenye ndevu na pumzi. Nikaanza na stendi.

Mzee Hemedi alikuwa na karatasi moja ya babu yake, risiti ya mauzo ya nyumba, na juu yake namba. Mtaa wenyewe haupo tena, ulibomolewa, ni ile mitaa ya magharibi ambako zamani mtu mweusi aliweza kununua kiwanja kabla serikali ya wakati ule haijaghairi. Nikaenda ofisini, nikasalimu kwa Kizulu, nikauliza habari za nyumbani, nikaambiwa za mguu wa mama mkwe, nikapata faili.

Stendi haikuwa ya Abdallah. Haikuwa ya Mbaruku. Mnunuzi wa kwanza aliandikwa Selina, mwanamke wa Kisotho, mfua nguo, hana mume. Alinunua kwa jina lake. Na pembeni, kwa mkono mwingine, karani kaongeza kwamba mwenye mali sasa anaitwa Salma.

Nikatoka nikaenda msikitini. Yule mtunza vitabu alinifungulia kabati, nikafunua kwa kidole kikavu. Imamu wa siku hizo aliandika kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo ndizo nilizopigiwa fimbo chuoni, nikazisoma polepole. Mume, Mbaruku bin Shomari, mtu wa Tanga, mpishi wa kambi ya machimbo, mpangaji, chumba cha nyuma. Mke, Salma bint Abdallah, mwenye nyumba, stendi ile ile. Walii, imamu. Mahari: mume amfundishe mke Yasini yote mpaka aijue kwa moyo.

Mnaelewa? Hakuwa na kitu huyo mpishi. Hakuna tajiri aliyempa binti na nyumba. Alikuwa anapanga chumba cha uani kwa mwanamke anayefua mashuka ya Wazungu, na alichokuwa nacho cha kumpa ni sura moja ya Kurani. Mwanamke akasema inatosha. Mwanzilishi wa ukoo mzima wa Mzee Hemedi alikuwa mama mwenye nyumba, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa sabuni.

Nilichapisha nakala, nikapata mihuri, nikanyamaza. Mkate wa mtu humkatii njiani, unamfikishia mzima mezani.

Siku ya mwaliko ikafika. Sebule ya Mzee Hemedi ilijaa: wazee wanne wa Tanga, mama wa Furaha aitwaye Mama Esperansi na shangazi mmoja, Furaha mwenyewe amejitanda hadi kope, na Jabiri kasimama mlangoni kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Fremu ilikuwa ukutani, tupu, inang'aa. Mama Esperansi ni mwimbaji wa kwaya, mwanamke mkubwa, sauti kubwa. Aliitazama ile fremu akaniegemea.

"Bibi, hii kioo mbona haionyeshe mutu?"

"Subiri."

Mzee Hemedi akafungua kwa Yasini, kwa kisomo cha mababu. Na nitasema haki, anasoma vizuri. Sauti ikapanda, ikakaa, ikaanza kushuka ngazi. Aya ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nikasikia kitu upande wetu wa wanawake. Mama Esperansi, macho kayafumba, anavumisha sauti. Si kuvumisha tu, anatia sauti ya pili! Anapanda naye, anashuka naye, chini kidogo yake, sawasawa kama wamefanya mazoezi.

Mzee akakata kisomo. "Kuna nini huko?"

"Samahani, papa. Maneno sijui. Lakini hii sauti minaijua. Tunaiimbaka ku kanisa, wakati ya mazishi."

Wazee wa Tanga wakaanza kukohoa. Mzee Hemedi akawa mweupe, kisha mwekundu. "Mama, hiki ni kisomo cha Hadramaut."

"Sijui Hadramaut. Kwetu ni wimbo namba..." Furaha akamfinya.

"Bi Mwanaisha!" akanguruma Mzee. "Soma hizo karatasi. Watu waelewe wanaongea na nani."

Nikasimama. Nilisoma kama nilivyowaandikia hapa, stendi kwanza, kitabu cha ndoa pili. Selina, Msotho, mfua nguo. Mbaruku, chumba cha nyuma. Walii, imamu. Nilipofika "bint Abdallah" nikawaeleza Abdallah ni nani, bila kicheko, ingawa nilimkumbuka Motjie na meno yake. Mzee mmoja wa Tanga, ambaye naye ana Abdallah wake, alianza kutafuta viatu.

"Nani kakulipa?" Mzee Hemedi akaniuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Wewe."

"Muongo. Umeungana na hawa." Akasimama. "Karamu imekwisha. Tokeni. Wewe Jabiri, tiketi yako ya Tanga nitaikata kesho."

Tulitoka bila kula pilau, na pilau lilikuwa linanukia. Nje, Furaha hakulia. Alimshika mama yake mkono wakateremka kuelekea La Rochelle kwa miguu, na Jabiri akabaki kwenye geti, hajui amfuate nani. Hapo ndipo nilipoona kazi yangu isivyo na uzito. Ukweli nilikuwa nao mkobani, una mihuri, na haukuwa umemsaidia mtu.

Tiketi haikukatwa kesho yake. Badala yake Mzee Hemedi alikuja Bellevue, bila marashi. Alipanda ngazi zote tatu, akasimama mlangoni kwangu anahema.

"Nipeleke nikaone mwenyewe."

Nikajifunga mtandio. Njiani polisi walipotusimamisha alitoa pasipoti bila hotuba. Msikitini yule mtunza vitabu akafungua ukurasa. Mzee Hemedi akavaa miwani, akasoma. Alipita jina la mke, akapita walii. Akasimama kwenye mahari. Alikaa hapo muda mpaka mtunza vitabu akaanza kuangalia saa.

"Bi Mwanaisha."

"Naam."

"Alimaliza kumfundisha?"

"Kitabu hakiandiki hayo. Wewe Yasini ulifundishwa na nani?"

"Na baba."

"Naye?"

"Na mama yake. Alikuwa akimsomesha jikoni, baba alisema, huku anapiga pasi." Akavua miwani. Nikaona mdomo unatembea, kimya, anajisomea. Unapanda, unakaa, unashuka. "Ndiye aliyeitia ile sauti," akasema. "Alipewa maneno, akayashika kwa sauti aliyokuwa nayo, ya kanisani. Na mimi naitangazia watu Hadramaut."

Kama mnashangaa ilifikaje Bukavu, wamisionari waligawa nyimbo zile zile kila walikokwenda, kama sabuni ya mche.

Nilimwambia Mzee Hemedi, "Sasa fremu utaweka nani juu?" Ijumaa ile alikwenda La Rochelle na wazee wawili na sinia, akapeleka posa kama inavyotakiwa, na Mama Esperansi akamweka sana, akamrudisha mara mbili, kwa sababu ya lile pilau tuliloacha.

Furaha alipoulizwa mahari, akasema anataka kile alichopewa Salma. Jabiri amfundishe Yasini yote mpaka aijue kwa moyo. Wazee wakasema mashaallah, binti ana haya, binti ana dini. Mzee Hemedi akamgeukia mwanawe kwa fahari. "Umesikia? Anza leo."

Jabiri akatazama viatu vyake. "Baba... mimi naijua mpaka kwenye ile aya ya..." Akahesabu kimoyomoyo. "Ya tano. Kama hivi."

Mtoto wa damu ya Sheikh Abdallah! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na meno yangu ni ya kwangu. Harusi ikasogezwa mbele. Kila jioni, baada ya kufunga duka, Mzee Hemedi alimkalisha mwanawe kati ya majora ya vitambaa akamsomesha, na Jabiri akitoka hapo anakwenda saluni kumsomesha Furaha alichokipata, kabla hakijamtoka. Wateja wa Furaha nao wakaanza kukijua. Nasikia kuna mama mmoja Mmalawi, Mlutheri, anafika aya ya thelathini.

Siku ya nikaha msikiti ulijaa. Wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia, na sauti ya sheikh inatufikia kwa spika. Sheikh ni wa kufuata desturi za zamani. Akasimama kuwa walii, akataja kwa sauti, nimekuoza Furaha bint Abdallah.

Mama Esperansi, aliyekwisha kuyasahau maelezo yangu, akaruka juu.

"Abdallah njo nani tena?" Pazia likatikisika. "Huyu mutoto nilizala na Zihalirwa! Bwana yangu ni muzima, iko Bukavu, anasubiri picha! Abdallah mi simujui, sijamuonaka, musiniletee fitina ndani ya ndoa yangu!"

Furaha alijificha nyuma ya mtandio wangu. Sheikh akasafisha koo tayari kutoa darasa la fikihi, na tungekaa pale mpaka magharibi. Lakini kabla hajaanza, nikasikia mtu anasimama upande wa wanaume, na nikaijua sauti kabla hajamaliza neno la kwanza.

"Mama Esperansi, usiwe na wasiwasi," alisema Mzee Hemedi. "Abdallah ni wa kwetu. Ni babu yangu."

Mama Esperansi akafikiri kidogo. Akalainisha gauni.

"Aa. Kama ni wa kwenu, haina mbaya," akasema, akakaa.